Jicho la Waziri Lililoingia Baridi

Nianze na kondoo, maana watu wa Shela wakiwasimulieni kisa hiki huanza na mimi kurusha mwiko. Mwiko nilirusha, sikatai. Lakini kondoo alitangulia.

Kondoo wangu akiitwa Waziri, kwa sababu alikula vya watu na hakuwahi kuomba radhi. Nilimlea kwa chupa tangu ana siku tatu, humu humu uwanjani mwangu, Amu, mji wa Lamu. Alikula maganda ya ndizi, alikula mahamri, alikula kofia ya Ustadh Muhdhar mchana kweupe, ikiwa bado iko kichwani. Akiniona natokea mwisho wa kichochoro na kikapu, alikuja mbio mpaka watu wakajibanza ukutani. Shikeni neno hilo: akiniona. Kutoka mwisho wa kichochoro! Alikuwa na macho kunishinda mimi.

Sasa binti yangu Amal akajifungua mtoto wa kiume, alhamdulillahi. Mjukuu wangu wa kwanza. Wa kwanza pia kwa Bi Kulthum wa Shela, mama yake Fahmi, na Fahmi ndiye mume wa Amal. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mimi nilitaka mtoto aitwe Ridhwani, jina la marehemu mume wangu. Mwaka wa nne huu tangu aondoke, na mpaka leo nikimimina chai ya asubuhi mkono wangu unatafuta kikombe cha pili. Bi Kulthum alitaka aitwe Swafwan, jina la marehemu wake. Tuligombana kwenye simu siku nzima, salio likiisha tunaitana tena kwa simu za majirani. Fahmi na Amal, waoga wote wawili, wakakata shauri: siku ya saba mtoto atanyolewa na kufanyiwa akika, na bibi atakayetoa kondoo wa akika ndiye atakayetoa jina.

Bi Kulthum akakubali haraka. Alijua ninavyompenda Waziri, akadhani nitasema hachinjwi. Nikasema achinjwe. Nililia mpaka mtandio ukalowa, nikampa Waziri mahamri manne, lakini nikasema achinjwe.

Akachinjwa siku ya saba baada ya alfajiri. Na watu wa Bi Kulthum wana desturi yao, sijui waliitoa wapi: kichwa cha akika hupelekwa kizima kwa bibi mzaa baba, akitazame, aridhike kwamba mnyama hakuwa na kasoro. Kiguru hafai, kipofu ndiye hafai kabisa. Basi Fahmi, ambaye ni mpishi kwenye nyumba ya wageni huko Shela, akakifunga kichwa kwenye mfuko safi, akakifukia katika sanduku lake la barafu la samaki, katikati ya changu wawili. Kisha akaenda sokoni kutafuta mahitaji ya wageni wake, akazunguka saa tatu nzima. Waziri wangu akalala barafuni muda wote huo kama kolekole. Haya.

Kufika saa tano mimi niko uwanjani, juu ya sufuria ya pilau, mara nasikia mlango unagongwa kwa fujo. Akaingia Bi Kulthum. Nyuma yake dada yake Rawiya, mwanamke ambaye hajawahi kusikia habari mbaya asiifurahie. Nyuma yao Fahmi, sanduku kichwani, uso umemshuka.

"Bi Thuwaiba!" Bi Kulthum akanguruma kabla ya salamu. "Umetutinjia kipofu!"

"Nani kipofu?"

"Kondoo wako! Hana mato!"

Rawiya akafungua sanduku. Nikachungulia. Haki ya Mungu, roho iliniruka. Waziri wangu alikuwa ananitazama kwa macho mawili yenye weupe katikati, weupe wa nyama ya dafu. Mwiko ukanitoka mkononi. Rawiya husema nilimlenga yeye. Ningemlenga ningempata; uliopatwa ni mtungi wangu mwenyewe, na ukavunjika.

"Akika haikuswihi," akasema Bi Kulthum, na nilimwona anavyojizuia kucheka. "Kondoo wangu yuko Shela, amefungwa nyuma ya nyumba, angoja. Kesho tutamtinja, na mtoto ataitwa Swafwan."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwambia Waziri alikuwa anaona kuliko ukoo wake mzima. Akaniambia nimelea kilema nikakificha. Fahmi akasema, "Mama, tafadhali," tukamnyamazisha wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza tuliloafikiana wiki ile.

Ustadh Muhdhar alikuwa ameshafika. Alitakiwa aje alasiri kumtaja mtoto jina, akaja asubuhi kwa sababu ya harufu ya pilau. Akaombwa ahukumu. Akakohoa, akaitazama sufuria, akasema, "Kondoo aliyekuwa haoni, hafai. Aliyekuwa anaona, anafaa. Bi Kulthum ndiye mlalamikaji. Yeye akiridhika kwamba jicho lilikuwa zima, tumekwisha, tule. Asiporidhika, achinjwe mwengine."

Yaani jina la mume wangu likawekwa kwenye ulimi wa Bi Kulthum. Nilitamani kuokota ule mwiko tena.

Ndipo aliposhuka Hadil kutoka juu. Hadil ni binti yangu mdogo, anasoma chuo kikuu Nairobi. Watu wakiniuliza anasoma nini nawaambia udaktari, ingawa si udaktari, anasoma protini. Mwaka wa tatu huu, protini tu. Mwaka jana nilimuuliza kama zinakwisha, akanuna siku mbili. Basi akachungulia ndani ya sanduku, akaliangalia jicho la Waziri, na badala ya kulia akapiga makofi ya furaha.

"Aisee! Mama, imetokea kweli! Nilikuwa naisoma tu kwenye kitabu!"

"Nini imetokea, mwana mlaanifu weye?"

"Huyu si kipofu. Ameingia baridi."

Rawiya akacheka mpaka akajishika mbavu. Hadil hakumjali. Akakaa juu ya ngazi kama mwalimu, akaanza.

"Ndani ya jicho kuna lenzi. Si nyama wala mfupa. Ni maji yaliyojaa protini, zimesongamana kama watu kwenye arusi. Kukiwa na joto la mwili, zote zinazurura, zimechanganyika, upande wa bwana na upande wa biarusi, hujui nani wa nani. Zimeenea sawasawa, kwa hiyo mwanga unapita moja kwa moja. Sasa arusi ikipoa, watu hufanya nini?"

"Huenda zao," akasema Ustadh.

"Kabla hawajaenda zao. Kila mtu anarudi kwa watu wake. Wale wa Shela wanakusanyika kona hii, wanasengenya. Hawajaganda, bado wanatembea humo humo ndani ya kundi, lakini hawachanganyiki tena. Protini nazo ndivyo. Zikipata baridi zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na yale maji yanagawanyika kuwa maji mawili: matone mazito yenye protini tele, na maji mepesi yenye protini chache. Yote bado ni maji. Lakini mwanga ukifika kwenye vitone vile unagonga huku, unarushwa kule, haupiti. Ndipo mnaona weupe."

"Kama tui la nazi," akasema Ustadh.

"Tui ni mafuta na maji, Ustadh, lakini ndiyo, weupe wake ni wa vitone vile vile. Na kwa wanyama wachanga kama Waziri hutokea upesi. Sasa ukipasha joto kidogo, zile protini zinapata nguvu, makundi yanavunjika, zinachanganyika upya. Jicho linarudi kuwa safi. Mgonjwa wa kweli harudi."

Nilielewa nusu. Lakini nusu hiyo ilinitosha. Nikasema, "Lipashwe!"

"Taratibu," akasema Hadil. "Joto la mkono tu. Msitie maji ya mo..."

Rawiya alikuwa ameshachukua chupa ya chai. Sijui aliitoa wapi mikono mirefu ile. Akammiminia Waziri chai ya maziwa, ya moto inayofuka, na iliki zake, kwenye jicho la kulia. "Haya!" akasema. "Limepashwa!"

Hadil alipiga ukelele majirani wakachungulia madirishani. Jicho lile likazidi kuwa jeupe, likawa jeupe la chokaa.

"Umelipika!" Hadil karibu alie. "Hiyo si baridi tena, hilo ni yai! Yai likiiva ute wake unakuwa mweupe, umewahi kuona ukirudi? Protini zimefumuka zikafungamana, basi, haziachani tena!"

"Mimi naona nyeupe tu," akasema Rawiya. "Kipofu."

Wallahi, kama si Fahmi kusimama katikati, leo Rawiya angekuwa na jino moja la kutafunia. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia, na Ustadh akaanza kusoma istighfari kwa sauti ili yasisikike.

Likabaki jicho moja. Jina la Ridhwani, maisha yote ya mume wangu, ukarimu wake, kicheko chake, vyote vikawa vinaning'inia kwenye jicho la kushoto la kondoo.

Hadil akaomba kisu kidogo. Akatoa lenzi yenyewe kwa uangalifu, nasi tukatazama pembeni isipokuwa Ustadh, ambaye alisogea karibu zaidi. Ikatoka kitu cha mviringo, kidogo kama gololi, kimebonyea kidogo, na katikati yake kuna wingu jeupe. Mimi mwenyewe niliona wingu.

"Nipe mie nilipashe," akasema Bi Kulthum, akanyoosha kiganja. "Nyinyi mtalifanyia hila."

"Chukua!" nikamwambia. "Lipashe mpaka utoke jasho!"

Hadil akaiweka kiganjani mwake. Bi Kulthum akafumba mkono, akaketi kwenye kibao, uso umekaza, kama aliyekamata panzi. Tukangoja. Pilau ikaanza kunukia kuungua na hakuna aliyesogea. Ustadh akauliza kama anaweza kuonja tu. Nikamwambia akigusa sufuria ile, kofia yake iliyobaki nitaila mimi.

Zikapita kama dakika tano. Hadil akasema, "Haya, Bi Kulthum, fungua."

Nikaleta sinia nililokuwa nikichambulia viungo, bado lina mabaki ya bizari na vitunguu saumu, nikatandika juu yake kalenda ya nyakati za swala. Bi Kulthum akafungua kiganja. Hadil akaichukua lenzi kwa kijiko, akaiweka juu ya kalenda.

Subhanallah. Ilikuwa safi! Safi kama tone la maji! Wingu lote limekwenda, na chini yake neno "Ijumaa" linasomeka, tena limevimba, kubwa kuliko mengine. Ustadh akasoma "Ijumaa" kwa sauti, kama hutuba. Fahmi akasoma "Ijumaa." Hata Rawiya aliinama, akatazama sana, akakunja mdomo, akasema kwa shida, "Ijumaa."

Nilipiga kigelegele kilichofika Mokowe, ng'ambo ya maji. "Waziri alikuwa anaona! Alikuwa anaona!"

"Bado Bi Kulthum," akasema Ustadh.

Bi Kulthum akainama juu ya sinia. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akanyoosha kidole.

"Wallahi," akasema, "hili ni jeupe."

Mimi nilihisi moto unapanda kutoka unyayoni. Bi Kulthum namjua miaka mingi. Hukuza maneno, husengenya, husema samli yake ni ya ng'ombe na sote tunajua inatoka dukani. Lakini hajawahi kumtaja Mungu kwa uongo, hata mara moja. Nikasogea ubavuni mwake nimwambie alilolistahili, na hapo nikaona kidole chake kilikokuwa kinaelekea.

Alikuwa anaonyesha kitunguu saumu.

Punje moja ya kitunguu saumu, imemenywa, iko pembeni ya sinia, mbali na lenzi kwa shubiri nzima. Na kweli ilikuwa nyeupe. Hakusema uongo.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilikuwa na kila haki ya kupiga kelele. Nilichofanya ni kuichukua ile punje haraka, kabla Rawiya hajaiona, nikaitia mdomoni nikaitafuna mbichi. Machozi yakanitoka.

"Bi Kulthum," nikasema, mdomo unawaka, "ndoo, twende jikoni. Nina maneno na weye."

Wakadhani nakwenda kumpiga. Fahmi akataka kufuata, nikamfungia mlango.

"Ulikuwa ukitazama nini pale?" nikamuuliza.

"Jito la kondoo."

"Ulikuwa ukitazama kitunguu saumu. Nimekitafuna mimi, nusa."

Nikampumulia usoni. Akarudi nyuma, akapapasa ukuta, akapata mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia. Nikachukua kijiko nikakiinua mbele yake. "Nimeshika nini?"

"Vidole vitatu," akasema polepole.

Hasira zangu zote zilinitoka kwa mara moja, nikabaki mtupu.

"Tangu lini?"

"Tangu Rajabu. Ilianza kama moshi, nikadhani ni kuni. Sasa watu nawajua kwa sauti; hata weupe wa kondoo ni Rawiya aliyenambia." Akanishika mkono, akanibana. "Usimwambie Fahmi. Akijua, hanipi mtoto nimbebe. Nani atampa kipofu mwana wake kwenye ngazi za nyumba hizi? Mara zote nimezipanda nikihesabu. Kumi na saba, Bi Thuwaiba. Ya tisa imevunjika."

Ni kweli, ya tisa imevunjika. Mimi mwenyewe huwa nasahau.

Nikamwita Hadil kwa upole, akaingia, nikafunga tena. Bi Kulthum akamuuliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua anayo: "Mwanangu, na langu nikilipasha, litarudi?"

Hadil akapiga magoti mbele yake. Akamtazama macho kwa taa ya simu, moja baada ya jengine. "La Waziri lilikuwa na baridi tu," akasema. "Lako ni mtoto wa jicho wa utu uzima. Protini zake zimekongamana, hazirudi kwa joto. Lakini Bi Kulthum, madaktari huitoa lenzi hiyo wakatia nyengine ya plastiki. Kazi ya muda mfupi tu, na watu wengi huondoka wakiona."

"Plastiki," akasema Bi Kulthum.

"Plastiki safi."

"Uoga ndio ulionikalisha. Nilidhani mtu hung'olewa jito zima."

Nikamtoa Hadil. Nikasimama nikiishika meza. Nilifikiri juu ya Ridhwani wangu, nikamwomba msamaha kimoyomoyo, na Mungu shahidi yangu, iliniuma kama jino. Kisha nikamwambia, "Nitatoka niseme na mimi nimeliona jeupe. Tinja kondoo wako. Mpe jina lako. Hakuna atakayejua."

Bi Kulthum akainuka kutoka kwenye ile mbuzi kwa kishindo.

"Usinihurumie weye!" akasema. "Miaka yote hukunihurumia, waanza leo?"

Akafungua mlango mwenyewe, mkono wake ukiambaa ukuta, akasimama mbele ya watu wote.

"Ustadh," akasema, "nimeridhika. Kondoo alikuwa akiona. Asiyeona ni mimi."

Fahmi alisema, "Mama," halafu akasema tena, "Mama," na akamshika mkono. Bi Kulthum akampiga kibao kidogo cha shavu, akakosa kidogo, akapata sikio. "Utanipeleka kwa daktari wiki ijayo," akamwambia. "Leo tuna mtoto wa kutaja jina."

Amal akateremka na mtoto, kichwa kimenyolewa, amelala. Ustadh akamwadhinia, akamwinamia, akamtaja: Ridhwani. Nililia bila aibu. Kisha nikamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Ustadh. Fahmi akaona ninakoelekea, akanyoosha mikono kama atakayedaka, nikamtazama jicho moja tu, akaishusha. Nikamweka mtoto mapajani mwa Bi Kulthum, nikakaa kando yake, bega kwa bega.

Akamkumbatia. Akamnusa kichwa. Kisha akaniinamia sikioni ili wengine wasisikie.

"Bi Thuwaiba. Nambie. Ana sura gani?"

Mtaa mzima nilikuwa nimeshauambia kwamba ni Ridhwani mtupu, nywele kwa kucha. Nikamtazama mtoto, nikatazama vizuri.

"Ni Swafwan," nikamwambia. "Kidevu chake, masikio yake, na hapa katikati ya nyusi amekunja vile vile alivyokuwa akikunja marehemu akiletewa chai isiyo sukari. Wangu hana hata kope."

Bi Kulthum akaleta kidole kimoja, akampapasa mtoto uso polepole, kuanzia kwenye mkunjo ule mpaka kidevuni, akarudi juu akaanza tena. Pilau ilikuwa tayari, imeungua chini, na hakuna aliyemharakisha.